Neno la Kumwambia Mjomba

Mjukuu wangu mmoja amepewa usimamizi wa zamu kule Madimba, kwenye mitambo ya gesi. Alipokuja kuniaga alinionyesha cheti cha semina ya uongozi, kimewekwa kwenye fremu, kina muhuri unaong'aa. Nikamuuliza, huko semina mlikula nini? Akasema pilau. Nikamwambia basi hukuambulia patupu. Alicheka, lakini niliona kuna jambo linamkera, na baada ya kikombe cha pili cha chai akalitoa. "Babu, chini yangu yumo mzee aliyenifundisha kazi. Nitamwanzaje?"

Sikumjibu siku ile. Swali lenyewe lilinikaa kifuani, nikaona afadhali nilijibu kwa maandishi, nanyi wengine mliopewa ukubwa juu ya watu waliowazidi umri msome. Nitawasimulia habari za gatini kwa sababu kazi nyingine siijui. Kilimo cha korosho kilinishinda, na bahari naipenda nikiwa nimesimama juu ya saruji.

Miaka ninayoisema ni ile ya mwishoni mwa sitini na mwanzo wa sabini, kabla watu wa vijijini hawajahamishwa kupangwa upya. Msimu wa korosho ukifika, malori yanapanga foleni kutoka bandari ya Mtwara mpaka huko juu barabarani, na meli zinasubiriana. Mimi nilikuwa katika genge moja la wapakiaji. Kampuni iliyotuajiri ilikwisha kufa zamani, na sina haja ya kuifufua hapa.

Ngoja niwaeleze kazi ilivyokuwa, maana nyie mmezoea makontena. Magunia yanafungwa kwa kamba nene chini gatini, mzigo mmoja una magunia kama ya familia nzima kula mwaka. Juu ya meli anakaa mwendesha winchi. Anaunyanyua mzigo, anauvusha, anauteremsha kwenye tumbo la meli, ambamo wenzetu wanausubiri ili waupange. Sasa huyu wa winchi, kule tumboni haoni kitu. Haoni mtu, haoni gunia. Anachoona ni mkono wa mtu mmoja tu, aliyesimama ukingoni, mahali tulipopaita mdomoni. Kiganja kikitazama chini, teremsha. Kikitazama juu, nyanyua. Ngumi, simama hapo hapo. Mtu wa mdomoni ndiye macho ya genge zima, na roho za watu wa tumboni zimo kiganjani mwake.

Mtu wetu wa mdomoni alikuwa Mjomba Mfaume, ndugu wa mama yangu, tumbo moja.

Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu siku hizi mjomba kwenu ni mtu wa kuombwa nauli. Kwetu sisi, mtoto ni wa upande wa mama. Baba anakuzaa na kukupenda, lakini mwenye mtoto ni mjomba. Yeye ndiye aliyenipeleka jandoni, yeye ndiye aliyesimama nilipooa, na kazi ya gatini yeye ndiye aliyeniombea, akaniingiza kwa kunishika begani mbele ya watu. Mbele ya mjomba hukai kiti kilicho juu kuliko chake. Akikohoa, unanyamaza usikie kama anataka kusema. Mpwa kumkosoa mjomba wake lilikuwa jambo ambalo hata tusi lake hatukuwa nalo.

Msimamizi wetu wa kwanza alikuwa Mzee Kazembe, mtu mfupi mwenye sauti nene, na yote mazuri niliyoyajua katika uongozi niliyaiba kwake. Alikuwa na filimbi ya kazi lakini aliitumia kwa nadra. Alisema, "Ukimwita mtu kwa filimbi ilhali jina lake unalijua, umemfanya mbuzi." Mkigombana naye asubuhi, na alikuwa mgomvi kweli kweli, kabla hamjatoka geti la bandari atakutafuta, amekata ming'oko yake ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, nusu kwa nusu, anakupa kipande. Hasemi samahani. Anasema, "Kula, ina chumvi." Mkitoka nje hamna kinyongo. Watu waliosuluhishwa kwa ming'oko ni wengi kuliko waliosuluhishwa na kamati zote zilizokuja baadaye, na kamati zilikuja nyingi.

Alipostaafu, kila mtu alijua filimbi ni ya Mjomba Mfaume. Ofisi ikanipa mimi. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane, na ofisi ilitaka mtu wa kujaza karatasi zake. Nilitamani ardhi inimeze. Mjomba alinishika mkono mbele ya wote, akanipongeza, akarudi mdomoni kusimama. Uso wake haukuonyesha lolote, na mimi nikashukuru kwa kutoonyeshwa.

Mwanzo wangu ulikuwa kichekesho. Nilidhani ukubwa ni sauti, nikapiga filimbi kila saa mpaka ndege wa baharini wakahama. Genge halikugoma. Lilitunga wimbo tu. Wakati wa kuvuta mzigo mmoja anaanza, "Filimbi mpya ee!" na wote wanaitikia, "Pumzi ni ile ile!" Na wimbo ule ulikwenda polepole, na kazi ikaufuata mwendo wake. Aliyeutunga nilimjua. Ni Faraji, mwendesha winchi wetu, mtu wa Mikindani, mtanashati, anayekuja kazini na shati lililopigwa pasi akijua litachafuka kabla ya saa tatu. Hakuacha kututania sisi tuliotoka upande wa Mpapura kwamba tunachimbua chakula ardhini kama fuko. Nikamfuata nikamwambia, Bwana Faraji, wimbo ni mzuri ila unachelewesha meli. Akanijibu, "Wewe punguza filimbi, sisi tutaongeza mwendo." Tukafanya biashara hiyo, na tangu hapo tukawa marafiki.

Basi kazi ikaenda. Msimu ukaisha, mwingine ukaja. Meli zilijaa kwa wakati, hakuna aliyeumia, ofisi ikanisifu. Nami nikaanza kutembea kifua mbele, nikidhani kazi inakwenda vizuri kwa sababu yangu. Vijana, siku mkiona kila kitu kinakwenda vizuri, ulizeni kwa nini.

Siku moja mtu mmoja wa tumboni alikuwa anaumwa homa, tukaazimwa kijana kutoka genge jingine, anaitwa Bakari. Mzigo ulivushwa ukaning'inia juu ya tumbo la meli. Kule chini sauti ikapigwa, "Salama!" Mjomba akageuza kiganja chini. Faraji akateremsha. Wakati huo huo Bakari alikuwa amerudi katikati kuokota kitambaa chake cha kichwa kilichodondoka. Mjomba alikuwa anamtazama, uso kwa uso, jua liko juu, na mkono wake unasema teremsha.

Watu walipiga kelele, Faraji akakaza winchi, mzigo ukayumba. Ulimpiga Bakari begani ukamtupa juu ya magunia. Ungemkuta kichwani, tungemzika alasiri ile. Alivunjika mfupa wa bega, tukamtoa kwa ubao, akapelekwa hospitali, na alikuwa analia huku akiulizia kitambaa chake.

Genge lilikaa chini kwenye kivuli cha ghala. Mjomba alikwenda kukaa peke yake mbali, ameupa ukuta uso. Nikauliza imekuwaje. Nikauliza tena. Faraji akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Kwani ulikuwa hujui?"

"Sijui nini?"

"Mzee haoni, Dadi. Ana ukungu machoni. Mbali haoni, na kule tumboni penye kiza haoni kabisa."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita."

Ndipo nikaelezwa yote, kila mmoja akiongeza kipande chake. Mtu wa kwanza kugundua alinyamaza kwa heshima. Wa pili naye vivyo hivyo. Watu wa tumboni wakazoea tu, wakishajitenga na mzigo mmoja wao anapiga kelele ya "Salama". Mjomba akawa anausikia ukelele ndipo anageuza kiganja. Faraji naye akaacha kuutazama mkono, akawa anasikiliza. Hakuna aliyekaa na mwenzake wakakubaliana. Kila mtu kivyake alimfunika yule mzee nguo, mpaka akafunikwa na genge zima, na mkono wake ukawa unapunga hewani bila kazi. Bakari hakuwa wetu. "Salama" kwake ilikuwa kelele tu za watu.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikasema kwa hasira.

"Tulidhani unajua," akajibu Faraji. "Ni mjomba wako. Tukasema mwenyewe anasubiri namna ya kumwambia. Sasa nani wa kumfunga paka kengele, mimi mtu wa Mikindani?"

Nyie mliozaliwa juzi mtasema watu hawa walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Walikuwa na adabu. Palikuwa na upendo mwingi katika genge lile kuliko nilivyopata kuona mahali popote pa kazi, na upendo ule ule ndio uliokaribia kumuua mtoto wa watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tulikuwa tunaficha maradhi ya mwenzetu, tena kwa nia njema.

Ofisi ilitaka jina la mkosaji. Nikawaambia msimamizi wa genge ni mimi, na aliyewekwa mdomoni yuko pale kwa amri yangu. Walinikaripia, yakaisha. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa moja tu, kumtoa Mjomba pale mdomoni. Na nilijua nikisema neno hilo huenda nikampoteza, na kumpoteza mjomba kwa mtu wa kwetu ni kubaki bila ukoo. Nani atasimama kwa wanangu? Nani atanizika?

Jumapili, kabla kazi haijaanza tena, nikaenda Mpapura kwa mama. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamweleza, nikamwomba amwambie yeye, kwa kuwa ni dada yake mkubwa na neno lake analisikiliza. Mama aliendelea kumenya.

"Nikimwambia mimi, ataacha," akasema.

"Basi mama, mwambie."

"Ataacha kwa ajili yangu. Halafu atajua kwamba mpwa wake alikuwa na neno naye akalipitisha kwa wanawake jikoni. Hilo hatakusamehe." Akatupa muhogo kwenye beseni. "Na usimwendee nyumbani. Nyumbani ni mjomba wako, utaanza na salamu, utamaliza na salamu. Kamwambie huko huko kazini kwenu, mkiwa mmesimama wote wawili."

"Nitaanzaje?"

"Anza na neno lenyewe. Ukianza kwa kuzunguka, atajua unaogopa, naye ataogopa zaidi."

Kesho yake niliwahi gatini. Meli ilikuwa haijafunguliwa. Mjomba naye huwahi, nikamkuta amesimama karibu na magunia, amevaa shati lake la kazi. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mjomba, leo hutasimama mdomoni. Wala kesho. Macho yako hayaoni, na watu watakufa."

Aliangalia upande wa maji, kule ambako, kama nilivyojua sasa, hakuona kitu zaidi ya mwanga.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Msimamizi ni mimi."

"Dada yangu anajua?"

"Anajua. Alikataa kukwambia."

Akatikisa kichwa taratibu, na nilipotegemea anikemee, midomo yake ikaanza kutetemeka. Sijawahi kuona hivyo kwake, hata alipomzika mkewe.

"Msimu mzima," akasema. "Msimu mzima nakuja hapa nasema leo wataniambia. Nasikia 'salama' yao, najua ni ya kwangu. Nasikia Faraji anasubiri ukelele. Nasema, leo atatokea mmoja aseme, Mfaume, kaa pembeni. Hakuna. Mlinipenda wote, mkaniacha niue mtu."

"Kwa nini hukusema mwenyewe, Mjomba?"

"Niliogopa, mpwa wangu. Ukishakuwa mkubwa huna wa kumwambia kwamba unaogopa."

Akageuka, akaondoka kuelekea ghalani akipapasa ukuta kwa ncha za vidole, jambo ambalo bila shaka alikuwa akilifanya siku zote na mimi sikuliona. Nilisimama pale nikalia kama mtoto. Faraji alipofika hakunitania. Alinipa leso yake iliyopigwa pasi.

Mjomba tulimpa kazi ya kushona magunia yaliyopasuka, ambayo vidole vinaijua bila macho, na aliifanya vizuri. Mdomoni tukaweka mtu mwingine. Lakini ule ukelele wa "Salama" sikuuondoa. Nilichofanya ni kuutoa mafichoni. Niliwaambia wote, wenyeji na wa kuazimwa, kabla ya mzigo wa kwanza: kelele hii maana yake ni hii, na baada yake hakuna kurudi katikati hata kama umedondosha pete ya ndoa. Magenge mengine yakaiga. Njia nyingi nzuri za kazi mtakazozikuta zilizaliwa hivyo, watu wakificha aibu fulani. Mkizikuta msizifute upesi. Ulizeni zilizaliwa na nini.

Genge liligawanyika juu yangu. Wako walioniona sina adabu, na wimbo wa kazi ukakatika kabisa. Magunia yalipanda kimya kimya, na ukimya ule ulinichosha kuliko mzigo. Niliwaacha. Mzee Kazembe alinifundisha kwamba mtu aliyekasirika kwa ajili ya mwenzake usimharakishe, kwa maana siku moja atakasirika hivyo hivyo kwa ajili yako. Siku Bakari aliporudi kutusalimu, mkono umefungwa kifuani, alitueleza kwamba Mjomba alikwenda kwao peke yake, ameongozwa na mpita njia, akakaa chini mkekani akamtaka radhi yeye na mama yake. Siku ile wimbo ulirudi. Hawakunitungia mimi, walimtungia Bakari na kitambaa chake.

Na Mjomba? Kazini alinisalimia. Kwangu hakuja. Alikuwa na desturi ya kupita kila Ijumaa baada ya sala, ale, atanie wanangu. Ijumaa zikapita, mke wangu akiweka sahani yake na kuiondoa. Nikimfuata kwake ananipokea vizuri, ananiuliza habari za meli, ananishukuru kwa kumtembelea, kama unavyomshukuru mtu wa mbali. Iliniuma. Usiku, mchana, iliniuma. Nilikuwa nimefanya lililo sawa na sikupata raha yoyote kwa kulifanya, na siwezi kuwadanganya kwamba raha huja.

Kisha mdogo wangu Rashidi akataka kuoa binti wa Mikindani, jirani zake Faraji. Katika kuposa, msemaji wa upande wetu ni mjomba, na mjomba akizeeka humshika mkono mpwa mkubwa kuliko wote ili aanze kujifunza kusema. Mpwa mkubwa alikuwa kaka yangu Ali, mwenye maneno mazuri, anayeswalisha. Mimi nilikwenda kuongeza idadi, nikakaa karibu na viatu.

Tukakaribishwa, tukanywa kahawa. Wazee wa binti wakauliza kama inavyoulizwa: kijana wenu tumemsikia, je, nyinyi mnaomfahamu mnasemaje juu yake? Ali akajiweka sawa. Mjomba akainua mkono kumzuia.

"Mimi kijana huyu ni mwanangu, nampenda," akasema. "Nikiulizwa nitamsifu tu, na huyu hapa Ali atamsifu kunishinda. Msituulize sisi. Dadi yuko wapi?"

Nikajibu kutoka mlangoni.

"Njoo ukae hapa." Akapapasa mkeka upande wake wa kulia, Ali akasogea. Nilipokaa, akaniwekea kiganja gotini, akawageukia wale wazee. "Muulizeni huyu. Huyu akikupenda, anakwambia."

Wazee wa Mikindani wakanitazama wote, na mdogo wangu naye akanitazama kwa macho ya kuomba huruma. Nikajikohoza. Nikasema Rashidi ni mvivu wa kuamka na hasira zake ziko karibu, ila hajawahi kumnyang'anya mtu chake wala kumpiga mnyonge. Mzee mmoja akacheka, akasema waposaji wengine wote huwa wanawaletea malaika. Binti tukapewa, na Ijumaa iliyofuata Mjomba alikuja kwangu kula.